Mheshimiwa Kamishna, turudishie mechi ya 163

Kwa Bwana Rob Manfred,
Kamishna wa Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani,
New York.

Mheshimiwa Kamishna,

Pokea salamu zangu. Nina ombi moja, nalo ni hili: turudishie mechi ya nyongeza, ile iliyokuwa ikichezwa pale timu mbili zinapomaliza msimu zikiwa sawasawa na nafasi iliyobaki ni moja. Mliifuta mwaka 2022, mlipoongeza timu za hatua ya mtoano kutoka 10 hadi 12. Tangu hapo, timu zikilingana baada ya mechi 162, yanaangaliwa matokeo yao walipokutana ndani ya msimu. Mmoja anapita, mwingine anafungasha virago, na hakuna mpira hata mmoja uliorushwa kuwaamua.

Naomba nikupeleke mwaka 1951, maana huko ndiko ninakoona wazi kilichopotea.

Agosti 11 mwaka huo, New York Giants walikuwa nyuma ya Brooklyn Dodgers kwa mechi 13. Msimu wenyewe ulikuwa wa mechi 154, na aliyeongoza Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, alikwenda moja kwa moja kwenye fainali, hakuna nafasi ya pili. Giants wakashinda mechi 16 mfululizo, na kwa jumla wakashinda 37 kati ya 44 zilizokuwa zimebaki. Septemba 30, siku ya mwisho, walikuwa wameshamaliza kazi yao wakati Dodgers wakihangaika Philadelphia. Mechi ya kawaida ni raundi tisa, hii ikaongezwa. Raundi ya 12, besi zote, yaani vituo ambavyo washambuliaji hukimbilia, zikiwa na watu wa Philadelphia, Jackie Robinson wa Dodgers alijirusha akaudaka mpira ambao ungewamalizia Dodgers msimu, akaanguka vibaya, akalala pale chini kwa muda. Raundi ya 14 mtu huyohuyo akaupiga mpira ukavuka ukuta. Dodgers 9, Philadelphia 8. Timu zote mbili za New York zikawa na ushindi 96 na vipigo 58.

Sasa tumia kanuni yako ya leo. Katika mechi 22 walizokutana, Dodgers walishinda 13 na Giants 9. Basi, imekwisha. Dodgers ni mabingwa jioni ileile ya Septemba 30, na baadhi ya mechi zilizowapa ubingwa huo zilichezwa Aprili, wakati Willie Mays hajaitwa bado kwenye timu. Mays alianza kuichezea Giants Mei 25. Giants wa Aprili waliofungwa mechi 11 mfululizo wangewahukumu Giants wa Septemba, ambao walikuwa timu nyingine kabisa.

Lakini utaratibu wa wakati ule uliwataka wacheze, mshindi awe wa mechi mbili kati ya tatu. Giants wakachukua ya kwanza 3 kwa 1, Dodgers wakajibu 10 kwa 0. Oktoba 3, uwanja wa Polo Grounds, mechi ya tatu. Tunafika nusu ya mwisho ya raundi ya tisa, Dodgers wanaongoza 4 kwa 1.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: besiboli haina saa ya kumaliza mechi. Anayeongoza hawezi kupoteza muda wala kuubutua mpira jukwaani mpaka filimbi ilie. Ni lazima awatoe wapigaji watatu wa mwisho, mmoja mmoja, hata awe anaongoza kwa kiasi gani.

Alvin Dark wa Giants akapata besi. Don Mueller akapata besi. Monte Irvin akatolewa. Whitey Lockman akapiga mbali, Dark akamaliza mzunguko wa besi na kuingia nyumbani, hiyo ni pointi moja, ikawa 4 kwa 2. Mueller aliumia kifundo cha mguu akiteleza kwenye besi ya tatu, akatolewa kwa machela. Kocha wa Dodgers akamwita mrushaji Ralph Branca, mwenye jezi namba 13. Aliyemsubiri kwenye sahani, pale anaposimama mpigaji, ni Bobby Thomson wa Giants, mzaliwa wa Glasgow, Scotland. Nyuma yake, akingoja zamu, kijana Mays.

Mpira wa kwanza Thomson aliuacha ukapita. Wa pili aliupiga kuelekea ukuta wa kushoto, Andy Pafko wa Dodgers akaukimbilia hadi ukuta ukamzuia, akabaki ameinua uso. Mpira ukatua jukwaani, Thomson na wenzake wawili waliokuwa kwenye besi wakaingia nyumbani. Giants 5, Dodgers 4. Wachezaji wa Brooklyn wakaanza kuondoka vichwa chini, isipokuwa Robinson. Yeye alisimama palepale akimfuata Thomson kwa macho, kuhakikisha amekanyaga kila besi. Mimi ndipo ninapomheshimu zaidi: mpaka kosa la mwisho liwezekanalo lipite, kwake mechi ilikuwa bado haijaisha.

Najua utanikumbusha doa la msimu ule. Mwaka 2001 ilidhihirika kwamba Giants waliweka darubini katika chumba chao nyuma ya uwanja wa kati, wakawa wanaiba ishara ambazo mdakaji wa wapinzani humpa mrushaji wake. Ni wizi, na wewe mwenyewe uliwaadhibu Houston Astros Januari 2020 kwa kosa la aina hiyo, ukawatoza dola milioni 5. Uliadhibu ulivyopaswa. Ila darubini ni hoja ya kuwalinda wachezaji na hila, wala si hoja ya kuwanyima mechi.

Na wala siombi mechi tatu. Ligi ya Marekani, ile nyingine ndani ya Ligi Kuu, ilikuwa na desturi ya mechi moja tu, na mwaka 1948 ilitosha. Cleveland na Boston walilingana, nao pia 96 kwa 58. Oktoba 4, Fenway Park, Lou Boudreau, aliyekuwa kocha na mchezaji kwa pamoja, alimpa mpira Gene Bearden, mrushaji aliyepumzika siku moja tu. Boudreau mwenyewe akavusha ukuta mara mbili, Cleveland wakashinda 8 kwa 3, kisha wakatwaa na fainali.

Sasa tazama tulipo. Mwaka 2025, New York Mets na Cincinnati Reds walimaliza wakiwa na ushindi 83 kila mmoja. Septemba 28, siku ya mwisho, Mets walifungwa Miami, na Reds nao wakafungwa Milwaukee. Reds wakapita. Timu imeingia hatua ya mtoano siku iliyofungwa, kwa sababu ya matokeo yaliyokwishapoa. Siwalaumu Reds hata kidogo, wamefuata kanuni. Kanuni ndiyo inayowanyima wao na Mets Jumatatu moja ambayo nchi nzima ingekaa kuitazama.

Nafasi kwenye ratiba ipo, maana tumeiona. Septemba 30, 2024, Jumatatu, Mets na Atlanta Braves walicheza mechi mbili kwa siku moja mjini Atlanta, viporo vya mvua ya kimbunga, na Mets kesho yake walikuwa Milwaukee wakianza mtoano. Siku ile Francisco Lindor aliipindua mechi ya kwanza katika raundi ya tisa. Mets na Braves wakagawana, wote wakapita, wakiwa 89 kwa 73. Arizona Diamondbacks, waliokuwa na 89 kwa 73 vilevile, walitolewa wakiwa watazamaji.

Mkataba wenu na wachezaji unaisha Desemba 1, 2026, nawe umeshatangaza kwamba utaondoka ofisini Januari 2029. Katika mazungumzo ya mkataba mpya weka kifungu kimoja: timu mbili zikilingana na mmoja wao lazima aondolewe, zicheze mechi moja Jumatatu inayofuata. Aliyeshinda zaidi walipokutana awe mwenyeji, kama ilivyokuwa kuanzia 2009 hadi mlipoifuta. Kwa wanaogombea tu nani apangwe wapi kwenye mtoano huku wote wameshapita, karatasi iendelee kuamua.

Wako kwa heshima,
Mpenzi wa besiboli