Toronto ndiyo Mombasa ya bata

Toronto, Jumapili asubuhi, mwezi wa pili

Mamangu mpenzi,

Shikamoo, na salamu kwa nyote hapo Kibokoni, mkubwa kwa mdogo. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Hofu yangu ni kwenu na hilo joto la kaskazi, maana juzi uliniambia feni inapuliza moto na hata usiku hamlali. Nilicheka, usinikasirikie. Wakati ule nilikuwa kituo cha basi, digrii 18 chini ya sufuri, na pumzi yangu imeganda kwenye masharubu.

Uliniuliza swali na sikulijibu: kila Jumamosi ukipiga simu wanikuta ufuoni, baridi yote hiyo nafuata nini? Ukadhani nimekukatia. Si mimi, ni betri. Simu huku ikiona baridi huzimika ghafla ingawa ina chaji nusu. Basi naandika. Dada atakusomea, na asiruke mahali.

Unakumbuka nilivyokuwa mwaka wa kwanza. Natoka kazini kabla hakujapambazuka, nalala, naamka jua limekwenda zake. Desemba huku magharibi huingia kabla ya saa kumi na moja. Hujakunja mswala wa alasiri, ushasikia adhana nyingine kwenye simu. Nikawa sili vizuri, sipigi simu, nimenuna tu. Nilidhani ni kukumbuka nyumbani, na hilo lilikuwapo, lakini daktari aliniambia kubwa lililonipungukia ni mwanga. Toka nje mchana, utembee. Nikamwona ananitania.

Aliyenitoa hasa ni mzee mmoja Mfilipino tuliye naye zamu moja, amekaa huku miaka zaidi ya thelathini. Jumamosi moja tukitoka kazini akaniambia ingia garini. Akanipa soksi za sufu, akavitazama viatu vyangu akatikisa kichwa. Na kweli, sikufika mbali: hatua kama ishirini hivi nikakanyaga barafu iliyofunikwa na theluji, nikaenda chini mzima mzima kama gunia la nazi. Viatu nilikuwa nimevinunua kwa sababu vilikuwa rahisi. Wiki mbili nilikaa upande upande. Nilikwambia ni mgongo wa kazi, sasa unajua.

Mahali penyewe panaitwa Leslie Street Spit. Ni ulimi wa ardhi ulioingia ndani ya Ziwa Ontario kiasi cha kilomita tano, na wote ni kifusi. Miaka ya 1950 walianza kumwaga udongo na mabaki ya majumba wajenge ukuta wa kukinga bandari, wakingojea meli zitakazofurika. Meli hazikufurika kama walivyopiga hesabu, lakini malori yaliendelea kumwaga. Ukipita kandoni unaona matofali yaliyolainishwa na mawimbi, vipande vya vigae vya bafuni vya rangi ya waridi, nondo zilizojikunja. Mbegu zikaja na upepo, miti ikaota, ndege wakafuata, na watu wa mji wakapigania pabaki hivyo hivyo. Siku za kazi mchana malori bado yamo, ndiyo sababu sisi huenda mwisho wa wiki. Kila nikipita hapo nakumbuka Kibarani, tulivyokuwa tukiziba pua tukivuka kwa matatu, na picha mlizonitumia za nyasi na miti palipokuwa jaa.

Bustani yenyewe wameipa jina la Tommy Thompson, aliyekuwa kamishna wa kwanza wa mabustani ya Toronto. Huyo alisifika kwa vibao vyake vya "Tafadhali tembea juu ya nyasi." Muonyeshe Ami hapo. Yeye aliyefukuzwa na askari wa kaunsili kwa kukalia nyasi pale mjini.

Sasa ndege. Nilidhani wakati wa theluji hakuna kiumbe. Kumbe maji yamejaa. Ziwa hili ni refu kwenda chini, mita 244 penye kina kikubwa, kwa hivyo haligandi lote. Kandoni na bandarini panaganda, lakini mbele ni maji meusi yanayofuka mvuke kama sufuria ya pilau. Juu ya maji hayo bata kwa mamia. Yule mzee akanipa darubini, na kabla sijaona kitu nikasikia kelele: au-au-auliii, au-au-auliii. Wallahi nilidhani ni watu wanaongea mbali, kama baraza ya Mkanyageni baada ya kahawa ya pili, kila mmoja anasema na hakuna anayesikiliza.

Ni bata mkia mrefu. Dume ni mweupe, ana doa jeusi shavuni kama aliyesahau kunawa masizi, na mkiani manyoya mawili membamba yaliyosimama. Anazama akaibukia mbali, na kitabu kinasema anaweza kufika mita 60 chini. Nikamuuliza mzee, hawa maskini mbona hawaondoki na baridi hii? Akanitazama. "Hawa ndio waliohamia," akasema. "Kwao ni huko juu kabisa, kwenye Aktiki. Hapa wamekuja kuota joto."

Mama, nilisimama pale kama dakika tano nimeshindwa kujibu. Nimekaa huku nikijihesabu niliyetupwa mwisho wa dunia, kumbe kuna viumbe waliosafiri maelfu ya kilomita wakiitamani Toronto kama watalii wanavyoitamani Nyali. Wanafika Oktoba na Novemba, wanakula, wanapiga kelele zao, Aprili na Mei wanarudi kwao kuzaa. Wana kaskazi yao na hapa ndipo pwani yao.

Nilitaka kujua miguu yao inavumiliaje, maana ni mitupu. Siri iko kwenye damu: mshipa unaoshuka na damu moto unapita ubavuni mwa mshipa unaopanda na damu baridi, basi ile moto inamwachia mwenzake joto kabla haijafika unyayoni. Mguu unabaki baridi, hausumbui, na mwili haupotezi joto. Na manyoya huyapaka mafuta kutoka kitezi kilicho karibu na mkia, maji yasipenye. Nilimwangalia mmoja kwa karibu, tone la maji likateleza mgongoni mwake likaganda kabla ya kufika mkiani, akajikung'uta, likaanguka kama ushanga.

Wanachokula kina kisa, na hiki ni cha Ami aliyekula chumvi ya Kilindini. Kuna kome wadogo wenye milia, asili yao upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi. Waliingia kwenye maziwa haya ndani ya maji ya tumboni mwa meli, yale wanayobeba kuipa meli uzito, na waligunduliwa 1988. Wamezagaa, wameziba mabomba, wamebadilisha maji yenyewe. Bata hawa wanawala kwelikweli, ila hawawamalizi. Nikaona hii ni hadithi ya kunguru wetu. Waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakashuka mpaka Mombasa, na leo uani kwako hakuna kifaranga kinachosalimika. Niliwaambia wenzangu hapa kwamba mwaka 2024 serikali ilitangaza kuwaangamiza kunguru milioni moja Kenya, wakaduwaa. Mmoja akataka kuwatetea. Nikamwambia njoo uanike samaki Kibokoni siku moja, kisha tuzungumze.

Mimi nami nimekosea. Siku ya pili nilibeba mkate, slesi sita, nikawarushia bata bukini. Bibi mmoja akaja mbio na fimbo zake mbili za kutembelea, nikajua nimekwisha. Akanieleza kwa upole kuwa mkate unawashibisha pasipo kuwalisha, na unawazoesha kukaa miguuni mwa watu. Niliona haya. Huku usimpe bata mkate. Huko kwetu bata mwenyewe hupata mkate kwa bahati.

Yule bibi ndiye aliyenifundisha kumlisha ndege mkononi. Kuna kadogo kanaitwa chikadii, kofia nyeusi, koo jeusi, mashavu meupe, uzito wake haufiki gramu 15. Vua glavu, akaniambia, weka mbegu za alizeti kiganjani, tulia. Vidole viliuma mpaka vikafa ganzi. Mara kakatua. Mama, hakana uzito. Nilichokisikia ni kucha tu, kama nyuzi nne za baridi zimenishika kidole cha shahada. Kakachagua mbegu, kakaitupa, kakachukua nyingine, kama wewe na nyanya za Marikiti. Kisha kakanitazama kwa jicho moja, kakaenda. Kanaficha mbegu moja moja kwenye maganda ya miti na kanakumbuka kalikoziweka, na usiku kanajipunguzia joto la mwili ili kasimalize mafuta kabla ya asubuhi. Mimi funguo za nyumba nazitafuta kila siku.

Hapa najua utasema audhubillahi, lakini nimemwona bundi. Bundi mweupe pepe, ameketi chini juu ya jiwe la zege mchana kweupe, kwa sababu kwao Aktiki hakuna miti ya kukalia. Watu kama kumi wamesimama mbali wananong'ona kama msibani. Hakuna aliyemrushia jiwe, hakuna aliyesema fulani atakufa. Mimi peke yangu nilisoma kimoyomoyo, nikawa kidogo nyuma ya wengine. Akageuza kichwa, akafumba jicho moja, akafumba la pili. Wiki ile nilikupigia mara tatu, ukaniuliza kulikoni. Ndiyo hiyo.

Desemba nilijiunga na hesabu ya ndege ya Krismasi. Ilianzishwa 1900 na Frank Chapman wa New York, kwa sababu watu siku hiyo walikuwa wakishindana nani ataua ndege wengi zaidi, naye akasema tushindane kuhesabu. Toronto ilikuwamo tangu mwaka ule wa kwanza. Mimi nilipewa shakwe, kazi ambayo hakuna aliyeitaka, maana hawakai. Nilihesabu 212, wakaruka wote, nikaanza upya. Kulikuwa na bata maji wakubwa pia, weupe, baadhi na kibandiko cha njano chenye namba ubawani. Hao walikuwa wamekwisha kabisa Ontario tangu 1886, bunduki iliwamaliza, mpaka mtu mmoja, Harry Lumsden, alipoanza kuwarudisha mwaka 1982. Namba unaisoma, unaipeleka, unaambiwa alizaliwa wapi. Chai yangu ya iliki ilikuwa imepoa kwenye chupa, lakini nilikunywa yote.

Ila kuna jambo lilinichoma siku ile. Wakati wa kupumzika bibi akaniuliza, na kwenu Mombasa kuna ndege gani wa ufuoni? Nikasema kunguru. Akangoja. Nikasema yangeyange. Akangoja tena, na mimi nimekwisha. Miaka ishirini na sita nimeishi kisiwani, nimekula mihogo ya Lighthouse maisha yangu yote, tangu bustani ya Mama Ngina pale ufuoni ni vumbi mpaka ilipotengenezwa 2019, nikikaa nimeipa bahari uso na kuiangalia feri. Hata siku moja sikutazama kinachotembea pale chini maji yakipwa.

Babu alikuwa akitazama. Nakumbuka upepo ukigeuka kuwa kaskazi alikuwa akisema, "Vitwitwi wamerudi," na sisi tunadhani ni maneno tu ya wavuvi. Sasa nimesoma: kuna wanaoshuka kutoka kaskazini kabisa mwa Urusi mpaka kwenye mchanga wetu. Na yuko yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayekula kaa. Anataga ndani ya mashimo ya mchanga pande za Uarabuni na Somalia, kisha anakuja kwetu kama majahazi yalivyokuwa yakija. Mida Creek huko Watamu wanamjua sana. Kitabu kina jina lake la Kiingereza na la Kilatini. La Babu halimo.

Basi Mama, naomba kazi moja. Kuna kijana wa Majengo anasafiri wiki ijayo, nimempa mfuko: dawa zako za magoti, viatu vya Ami namba 43, na darubini. Darubini ni ya Babu, watoto wasiigeuze mchezo. Siku ya bamvua, maji yakipwa, dada amchukue Babu, wavuke feri mpaka Shelly Beach, amweke kwenye kiti kivulini. Asimhimize. Akisema jina la ndege yeyote, aliandike vile vile alivyolitamka, na kando aandike rangi, urefu wa mdomo, na anatembea au anakimbia. Zaidi ya wote nataka jina la yule mdogo, mweupeweupe, anayekimbia nyuma ya wimbi likirudi na kukimbia mbele yake likija. Babu alikuwa na jina lake, lilianza na "che", nimelisahau.

Waende kabla ya Aprili. Kusi likiingia watakuwa wameondoka.

Mwanao,
wa Toronto

Na mwambie dada asipande ile feri ya saa kumi na moja jioni, Babu atasukumwa.