Ukurasa wa mwenzio haupigwi picha
Barua ya wazi kwa vijana na wazazi wa darasa letu la daftari la picha

Wanangu na wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Leo sina salamu ndefu. Nina hasira, na nimeona heri niiweke kwenye karatasi ili muisome mkiwa mmetulia. Na wenye vikundi kama chetu huko waliko wasome pia, maana jambo hili halikuanza kwetu wala halitaishia kwetu.

Mmoja wetu alikwenda kuswali Alasiri, akaacha mezani daftari lake, lile ambalo kila mmoja wetu huchora na kuandika yaliyo moyoni mwake. Mwenzake akalifunua, akakuta ukurasa uliompendeza, akaupiga picha na kuurusha kwenye grupu, pamoja na mioyo myekundu na maneno ya kusifu kipaji. Kilichochorwa pale sitakisema, wala msije kuniuliza. Picha ikatoka grupu la kwanza ikaingia la pili, na kabla ya Isha jambo ambalo mwenyewe alikuwa bado analitafutia ujasiri wa kulisema lilikuwa limeshafika nyumbani kwake kwa midomo ya watu. Daftari lake amelitia kwenye ndoo ya maji. Darasani hajarudi.

Aliyepiga picha ameniambia, "Bibi, mimi nilimsifia tu." Mwanangu, nakupenda, lakini sifa hiyo aliiomba nani? Mtu aliyekaa peke yake na kalamu akatoa kilichomkaba kooni hasubiri makofi. Na nyinyi mliopokea ile picha mkaipeleka mbele, mkiandika "pole dada" huku kidole kinatafuta grupu jingine, msijifiche nyuma ya aliyeanza.

Sisi watu wa pwani hatukujifunza jana kuusemesha moyo kwa rangi na maandishi. Kanga ina pindo, mji na jina, na mwanamke aliyekosana na jirani yake hakuwa na haja ya kufungua mdomo. Alijifunga jina lake, akapita barazani, ujumbe ukafika. Lakini kanga huvaliwa ili isomwe. Anayeivaa ameshachagua neno na kulipima. Kalikuta dukani limeshachapwa, na wanawake wengine mtaani wamelivaa hilo hilo, kwa hiyo hata akibanwa atasema, "Mie nimevaa nguo yangu tu." Daftari halina kinga hiyo. Mle ndani mna neno lako mwenyewe ambalo hujalipima, pengine hujalielewa. Leo unamchora mama yako kwa rangi nyeusi kwa sababu umemkasirikia, kesho hasira imekwisha na mama ni mama. Sasa ukurasa wa leo ukifika mikononi mwa shangazi zako, nani ataurudisha?

Na kusitiri pia tulikujua. Binti akichezwa unyago, aliyoyaona na kuyasikia ndani kwa somo wake hayazungumzwi kisimani. Wazee wale hawakusoma vyuo vya saikolojia, ila walijua kwamba kuna mambo hayawezi kusemwa wala kufundishwa mpaka mlango ufungwe. Nami nimefanya kazi ya unesi mpaka nikastaafu. Wodini faili la mgonjwa halikuwa la kusomwa na kila mpita njia, na nesi aliyetoka na habari ya mgonjwa akaifikisha sokoni tulimwona hafai, hata kama alijua kuchoma sindano kuliko sisi sote.

Wapo watakaosema hizi ni habari za wazee wasiopenda simu. Basi sikilizeni ya wataalamu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo. Kila mwanafunzi aliandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito, wengine wakaambiwa waandike jambo lililowaumiza maishani. Walioandika lile tukio pamoja na walivyojisikia ndani walitoka chumbani wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Na kabla ya kuanza waliahidiwa kwamba waliyoandika yatabaki siri. Mnaliona hilo? Bila ahadi ile, nani angethubutu kuandika la kweli? Angeandika la kupendeza.

Hapo hapo mchukue na jingine. Daftari haliponyi kwa kukuchekesha. Siku za mwanzo unaweza kuamka umechoka, macho mazito, unajiuliza kwa nini umeyachokoa yaliyolala. Ni kawaida. Nenda polepole, chora robo ya jambo, funga, kapike, kesho urudi.

Kuna mwanamke wa Meksiko aliyeitwa Frida Kahlo, mchoraji mkubwa. Mwaka 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu, akavunjika uti wa mgongo na nyonga. Maumivu yale alikaa nayo mpaka anakufa 1954, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikatwa mguu. Michoro yake watu waliinunua na kuitundika. Lakini katika miaka yake kumi ya mwisho alikuwa pia na daftari la kwake, lenye maandishi, rangi zilizovuja na matone ya wino aliyoyageuza kuwa sura za ajabu. Lilikuja kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1995, yeye akiwa kaburini zaidi ya miaka arobaini. Mtu aliyeishi kwa kuonyesha picha zake alijua kwamba lazima pawepo karatasi zisizo za maonyesho. Nyinyi ambao hamjauza hata picha moja mna haraka ya nini?

Haraka hiyo imeleta ugonjwa wa pili, na huu nimeuona ukikua mbele ya macho yangu. Tulianza na kaunta buku za kwaya mbili, kalamu za risasi, rangi za nta za watoto na magazeti ya zamani ya kukata. Sasa naona madaftari yenye jalada la ngozi, stika zinazong'aa, kalamu za maandishi ya mapambo, na binti mmoja ananiambia hawezi kuanza mpaka apate fedha za kununua "seti". Ukimfunulia kurasa zake, maua kila pembe, maneno matamu ya kujipa moyo yameandikwa kwa mwandiko mzuri ajabu. Yeye mwenyewe hayumo. Anachora kwa ajili ya stetasi ya kesho. Akikosea mstari anachana ukurasa.

Mwaka 2016 mtafiti Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwakalisha watu wazima 39 kwa dakika 45 na kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na vipande vya kubandika. Walipima mate yao kabla na baada, kutafuta kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na mkazo. Ilishuka kwa watu wapatao 75 kati ya kila 100. Tena waliowahi kuchora na wasiojua kuchora hawakutofautiana katika hilo. Mwili haukuuliza kama maua yamekaa sawa. Kwa hiyo kunja karatasi ya unga ukihitaji. Makaa ya jikoni yanachora, binzari inatoa njano, majani ya chai yaliyochemka yanatoa kahawia ambayo huipati dukani.

Mmoja wenu aliniuliza kwa sauti ya chini kama anapata dhambi kwa kuchora viumbe vyenye roho. Mimi si shehe, na hilo kamuulize anayejua. Lakini usiache daftari kwa sababu hiyo. Chora nakshi za milango ya Zanzibar, mawimbi, maua ya hina kama ya mkono wa bibi harusi, mistari ya mkeka. Huzuni inaingia hata kwenye mistari ya mkeka, nimeiona kwa macho yangu.

Nimeiona kwa baba mmoja tuliye naye, mvuvi. Nilimwomba ruhusa mara mbili, akasema niseme haya na nisizidishe. Alifiwa na mdogo wake baharini. Msibani kila aliyempa mkono alimwambia, "Jikaze, wewe mwanamume." Akajikaza. Akajikaza mpaka usingizi ukamkimbia, akawa mkali kwa watoto, akiona ngalawa inarudi jioni anaondoka pwani. Alipokuja kwetu alikuwa akichora mistari ya buluu, ukurasa hadi ukurasa, hasemi neno. Hatukumuuliza. Siku aliyochora kitu kingine aliwahi kurudi nyumbani, akamhadithia mkewe habari za siku ile, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Mkewe ndiye aliyekuja kunishukuru.

Hebu jamani tujiulize, msiba ule tulimsaidia nini yule baba? Tulipika, tukala, tukaandika daftari la rambirambi nani katoa ngapi, tukakunja mikeka tukaondoka. Tunamwambia mwanamume asilie, kisha tunashangaa anapokunywa na kupiga. Tunamwambia mwanamke "Mungu atakupa mwingine" kabla hajamaliza kumlilia huyu. Mtoto akichora pembeni ya daftari la hesabu anachapwa, na akifika miaka ishirini hawezi kusema anajisikiaje zaidi ya "niko poa". Halafu likipatikana daftari moja, mahali pekee ambapo mtu anaweza kusema ukweli bila kuambiwa ajikaze, tunalipiga picha! Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kosa la yule kijana ni kubwa, lakini aliliokota kwetu sisi wakubwa, tunaofungua barua za watoto, tunaopekua simu za wake na waume, tunaokaa barazani kugawana habari za wagonjwa kama karanga.

Mengine ni mafupi. Andikeni tarehe kila ukurasa. Msichane, hata mkiuchukia ukurasa. Ubandikeni karatasi juu. Msimchore mtu kwa nia ya kumwonyesha. Msichore usiku wa manane mkiwa na hasira kisha mkashika simu. Mwenzio akikuonyesha ukurasa wake, usimwambie "ungeweka kijani hapa", na usimtafsirie maana yake. Mwulize kama anataka kusema, asipotaka nyamaza. Anayelala chumba kimoja na wenzake aniletee daftari lake, nina sanduku lenye kufuli na funguo atakaa nazo yeye. Wazazi, daftari la mtoto mliombe kwake, msilipekue akiwa shule.

La mwisho lisichukuliwe kama nyongeza. Daftari si hospitali. Ukiona wiki zinapita hulali, chakula hakipiti, unaogopa kutoka nje, au kurasa zako zimeanza kuzungumzia kuondoka duniani, usigeuze ukurasa mwingine. Njoo kwangu saa yoyote, au mwambie mtu mzima unayemwamini, akupeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Kwa watoto, namba 116 ya simu ya msaada hupigwa bure. Na tuache ule mchezo wa kumwambia mtu "wewe ni wa Mirembe" kila anapokosea. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, ina madaktari na manesi wanaotibu watu, na wengi wanapona wakarudi kwenye kazi zao. Tumeifanya tusi, ndiyo maana mgonjwa anafichwa nyumbani mpaka anaharibikiwa. Nilipokuwa kazini nililetewa vijana ambao mama zao waliwazungusha kwanza kila mahali, kwa sababu waliogopa majirani kuliko ugonjwa.

Kwa binti yetu aliyekaa nyumbani: mwanangu, hukukosea kuchora. Ulifanya sawasawa kile nilichowafundisha. Sikulazimishi urudi. Nimekununulia kaunta buku mpya, nimeiweka, na ukipenda nitakuja nikae nawe tuchore sisi wawili kwako, kila mtu na lake, bila kuonyeshana.

Kwa aliyepiga picha: kwenda kwake kuomba radhi ni wajibu wako, lakini utumie kwanza mtu mzima aulize kama yuko tayari kukuona. Akisema bado, ungoje. Usimtumie ujumbe wa simu. Na maelezo ya "nilimsifia" uyaache nyumbani kwako. Kazi yako nyingine ni kupita kwa kila uliyemtumia umwambie aifute, ana kwa ana pale inapowezekana.

Darasa la Jumamosi lipo, saa nne kama kawaida. Simu zitabaki kwenye kapu mlangoni, za kila mtu, yangu ikiwa ya kwanza. Asiyeweza kukaa saa mbili bila simu abaki nyumbani mpaka atakapoweza, na hatachekwa siku atakayorudi. Tutafanya kazi ya kubandika, kwa hiyo kila mtu aje na magazeti ya zamani na vitambaa vilivyochakaa. Gundi ninayo. Mkasi ni mmoja tu, mwenye wa ziada alete.

Ni mimi bibi yenu,
nesi mstaafu, Ngamiani, Tanga