Kioo cha pili kikubwa hakitaki kubanwa

Wateja wanaotuletea darubini za vioo za inchi 12 kwenda juu huwa na lalamiko moja: nyota haitulii. Ukisogeza lenzi ya jicho ndani kidogo, nyota inavutika kama punje ya mchele. Ukiitoa nje, inavutika tena ila imegeukia upande mwingine. Wengi wanalaumu kioo kikuu, kile cha chini ya bomba. Mara nyingi mkosaji ni kioo cha pili, kile bapa kilichokaa nyuzi 45 karibu na mdomo wa bomba.

Kioo hicho kikiwa na upana wa milimita 100, urefu wake ni 141. Kikiwa na unene wa 20, uzito wake ni kama nusu kilo. Na kinaning'inia juu ya kioo kikuu! Ndiyo maana watu, kwa woga, hukipaka gundi ya epoksi mgongo mzima. Hakidondoki, kweli. Lakini jioni ubaridi wa Ziwa Victoria ukiingia, bamba la chuma linalokishika husinyaa kuliko kioo, na gundi iliyokakamaa hukivuta hadi kipinde. Kikipinda hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, picha inaanza kuharibika.

Sisi tunatumia madonge matatu ya silikoni, yamepangwa pembetatu. Kati ya kioo na bamba tunaweka njiti za kiberiti ili uzito usiyabonyeze, tunazichomoa silikoni ikishika, kisha tunaacha wiki nzima. Mwenye haraka hatatupenda. Silikoni iwe isiyonuka siki, maana mvuke wa ile nyingine unaweza kula alumini iliyo usoni mwa kioo. Mwisho tunafunga kamba ya usalama, iliyolegea. Vioo vizito zaidi tunavitia kwenye kikombe chenye ukingo mwembamba mbele na pamba ya polyesta nyuma, bila gundi kabisa.

Kabla hujaja, jipimie darubini yako. Wa kaskazini mwa ikweta hutumia nyota ya kaskazini kwa kuwa karibu haihami. Mwanza tuko kusini mwa ikweta, kwetu haichomozi. Badala yake, weka gololi ya beringi juani, juu ya jabali, mita mia moja hivi, jua likiwa mgongoni kwako, utazame kimetameta chake. Zungusha lenzi ya jicho, kisha kioo kikuu robo mzunguko. Mvutiko ukibaki palepale, tuletee kioo cha pili pamoja na kishikizio chake. Epoksi tutaibandua wenyewe. Bisibisi iache nyumbani.