Makopo yetu sio mali ya Mjerumani

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mmoja wa huku kwetu Tanga, alilalamika kwamba kuna watu wanazurura na simu kwenye magofu na makaburi ya zamani, wanainama inama, wanapekua mawe, akasema hao wanatafuta rupia za Mjerumani, zile hela za ukoloni zinazosemekana zilifukiwa, na polisi wawakamate. Mhariri, hao watu baadhi yao nawajua, na mimi mwenyewe nimo, japo magoti hayanipi tena ruhusa ya kuinama sana. Hatutafuti rupia. Tunatafuta makopo ya plastiki ambayo ndani hamna kitu cha kununulia hata mhogo wa kuchoma, na najua hilo jibu linatia wasiwasi kuliko rupia zenyewe kwa hiyo acha nieleze.

Mchezo unaitwa jiokashingi (geocaching). Mtu anaficha kopo mahali, anachukua vipimo vya pale kwa GPS, ile ya satelaiti inayokuonyesha ulipo, anaviweka mtandaoni, mwingine popote alipo anavisoma anakuja kulitafuta, akilipata anaandika jina lake la mchezo na tarehe kwenye karatasi iliyomo ndani halafu analirudisha palepale alipolikuta, basi. Kama mna vidude na umependa kimoja unachukua na kuacha chako chenye thamani ileile au zaidi. Hakuna mshindi, hakuna zawadi. Wazee wa bao kijiweni kwetu huniuliza sasa raha yake nini, nami nawauliza na nyie kete si zinazunguka mashimo yaleyale toka asubuhi.

Wala sio mchezo wa kale. Zamani Marekani walikuwa wanavuruga makusudi mawimbi ya GPS wanayopata raia, kifaa chako kinaweza kukosea hata mita mia, mpaka usiku wa kuamkia 2 Mei 2000 Rais Clinton alipoamuru uvurugaji uzimwe, kosa likashuka mpaka kwenye mita kumi, ishirini hivi. Kesho yake tarehe 3 jamaa mmoja anaitwa Dave Ulmer akapeleka ndoo nyeusi kichakani kule Oregon, ndani kaweka vitabu, manati, hela kidogo na kopo la maharage, akawatangazia wenzake vipimo, siku chache tu ikapatikana. Maharage jamani! Siku hizi chakula hakiruhusiwi maana wanyama wanafukua, sisi wa huku tungemwambia siku ileile, kima na siafu hawasubiri kanuni. Leo makopo yameshapita milioni tatu dunia nzima, na mwaka 2008 kuna moja lilipelekwa mpaka kituo cha anga za juu.

Watu wanadhani simu inakushika mkono mpaka mlangoni kwa kopo. Wapi! Tanga mjini tupo kwenye nyuzi 5 na dakika 4 kusini, nyuzi 39 na dakika 6 mashariki, na vipimo vya mchezo vinaandikwa dakika na nukta na tarakimu tatu, ile ya mwisho ukiikosea kwa moja umesogea karibu mita mbili, ukikosea ya katikati umeshavuka barabara. Mpwa wangu kuna siku kaingiza vipimo vizuri tu ila kaacha herufi ya kaskazini badala ya kusini, simu ikamwambia kopo liko zaidi ya kilometa elfu moja, Ethiopia huko, na mtoto akaanza kuuliza nauli. Na hata vipimo vikiwa sawa, chini ya miembe mikubwa au pembeni ya ukuta mnene simu inayumba, mara uko kulia mara uko kushoto. Wazoefu wakifika kama mita kumi wanaitia simu mfukoni, wanasimama, wanajiuliza ningekuwa mimi ningeliweka wapi. Hapo ndo utamu, unaanza kuona vitu ulivyopita mbele yake miaka yote, ufa wa ukuta, jiwe lililokaa kinyume na wenzake, bomba lisilokwenda popote. Mimi nimezaliwa Ngamiani na baiskeli yangu inajua barabara zote mpaka ya ishirini, lakini mnara wa saa pale bustani ya Jamhuri nimeutazama vizuri kwa sababu ya mchezo huu.

Ila sikuandika kuusifia tu. Msomaji yule ana hoja, na nataka wenzangu wa mchezo waisikie.

Kanuni za mchezo zimeandikwa na watu wa nje wanaoficha makopo kwenye misitu yao na bustani zao, kwao jambo kubwa ni asiyecheza asikuone unavyotafuta. Unajifanya unafunga kamba ya kiatu, unajifanya unaongea na simu, mtu akipita unatazama ndege. Sasa hiyo staili ilete Tanga. Mgeni kasimama Raskazone anatazama ndege, kila mtu ufukweni ameshaacha kazi anamtazama yeye! Huku kwetu mtu anayejificha ndo anatazamwa. Ukijificha chini ya mti wa watu lazima uulizwe una nini.

Na fikirieni lile kopo lenyewe. Dogo, limefungwa mfuko mweusi wa plastiki, limechomekwa kwenye mizizi ya mbuyu. Unalifungua unakuta karatasi iliyokunjwa ina majina ya watu usiowajua na tarehe, sarafu ya nchi usiyoijua, kipande cha utepe mwekundu, kimdoli kisicho na mkono mmoja. Tanga hii! Nani ataamini ni mchezo? Wa kwanza atakimbia, wa pili ataenda kumuita mtaalamu aje alizimue, na mtaa mzima utakaa wiki unahesabu nani aliumwa na nani alifukuzwa kazi tangu kopo liwekwe. Kopo la rafiki yangu mmoja lilikutwa na akina mama waliokuwa wanaokota kuni, likamwagiwa maji ya chumvi likachomwa moto likiwa na penseli yake na kila kitu. Yeye alinuna, mi nikamwambia bora wao walichukua tahadhari.

Wenye roho ngumu ndo wanachukua. Kopo zuri la plastiki lenye mfuniko wa kubana, halipitishi maji, unaliacha chini ya jiwe halafu unashangaa halipo? Moja tulilitafuta mpaka tukakata tamaa, tukaja kuliona juu ya meza ya muuza pweza limejaa pilipili. Tulikula pweza tukalipa tukaondoka, ungemwambia nini.

Halafu kuna la usalama, hili sio la kucheka. Uingereza kwenyewe ulikoenea mchezo huu, mwaka 2011 mji wa Wetherby kopo moja nje ya mgahawa lilidhaniwa bomu, mtaa ukafungwa, wataalamu wakaja wakalilipua. Sisi hapa mwaka 2015 tulisikia risasi za kweli kule kwenye mapango ya Amboni, askari walipopambana na watu wenye silaha, na kuna askari hakurudi nyumbani. Kwa hiyo yale masanduku ya chuma ya kijani yaliyokuwa ya risasi, ambayo wenzetu wa nje wanayapenda kwa sababu hayaozi, huku sitaki hata kuyaona, na anaeleta naomba arudi nalo.

Sasa dawa ni nini. Kanuni za mchezo wenyewe zinasema usiweke kopo bila ruhusa ya mwenye eneo, hiyo wengi wanaipita kimyakimya kwa sababu wageni wanakuja siku mbili na wanaona ufukwe kama hauna mwenyewe. Hakuna ufukwe usio na mwenyewe hapa. Mi nasema huku kwetu ruhusa peke yake haitoshi, kila kopo liwe na mlezi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, fungua kopo mbele yake, mwonyeshe karatasi, muachie namba ya simu, halafu tafuta mtu anayeshinda jirani na pale, muuza madafu, fundi baiskeli, mlinzi, naye umwonyeshe. Juu ya kopo bandika karatasi ya Kiswahili sio Kiingereza peke yake, iseme huu ni mchezo, hamna cha thamani, ukilikuta soma uandike jina lako ukipenda kisha lirudishe.

Wachezaji wakongwe wa nje nikiwaambia hivi wanakunja uso, wanasema siri ikitoka mchezo umekufa. Waje waone. Kuna kopo moja maeneo ya baharini, mlezi wake ni mzee anayeuza madafu, wakati linawekwa alituita, "Nyie wanangu mnazika nini hapo?" tukampa shikamoo tukakaa nae tukamweleza, akacheka mpaka akakohoa. Kopo lile mpaka leo lipo. Makopo yaliyofichwa kwa siri kubwa karibu na hapo yameshapotea na yakarudishwa na yakapotea tena. Mgeni akifika anahangaika kwenye mawe, mzee anamwacha ahangaike kwanza, akiona jasho limemtoka anamuuzia dafu, akinywa anamwambia umekaribia, au umepotea kabisa. Haonyeshi mahali! Nimeshawahi kumsikia anamtania Mzungu mmoja kwamba bei ya dafu haijumlishi majibu. Watoto wa pale nao wanalijua na hawaligusi, kwa sababu ni kopo la babu. Siri ya mchezo imebaki kwa yule anayetafuta, wengine wote wanajua, na hakuna kilichoharibika.

Kuhusu magofu hapo namuunga mkono msomaji moja kwa moja. Tongoni, kusini ya mji wetu, pana msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, na yale mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye nguzo za makaburi watu walishayabandua zamani, sasa mlinzi akikuona unaingiza vidole kwenye ufa wa matumbawe akufikirie nini? Magofu yana sheria yake tangu 1964, na hata bila sheria, kaburi ni kaburi. Kopo likae barabarani huko nje karibu na wanakouza vitu, mtu akimaliza aingie kwa mlango alipe kiingilio atembee na mwongozo kama watu wengine. Na yale makaburi ya vita ya 1914, ya Mwingereza na Mjerumani, hivyo hivyo. Ila kwenye rupia namrekebisha kidogo ndugu yetu, kanuni inakataza kufukia kopo ardhini bila ruhusa ya mwenye eneo, na sisi hatuchimbi hata kwa kijiko. Kwa hiyo ukimwona mtu na sururu usiku huyo sio wa kwetu, huyo ana mjomba aliyeonyeshwa ramani, na kila ukoo Tanga una mjomba wa hivyo.

Mapango ya Amboni ni habari nyingine tena. Ndani ya pango GPS haisomi hata kidogo, na kuna watu wanakwenda kutambika mle, huwezi kuacha kopo lako lenye kimdoli pembeni ya vitu vyao halafu ukasema mchezo. Lakini ipo aina ya mchezo isiyo na kopo, wenyewe wanaita ethikashi (EarthCache), unapewa vipimo vya mahali na maswali kuhusu mawe ya pale, unakwenda unaangalia unamtumia majibu aliyeitengeneza. Hiyo ndo ya Amboni. Mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasiki, yale yanayoning'inia kutoka juu na yale yanayopanda kutoka chini, maji yamepita wapi, popo wamekaa wapi, unasimama na mwongozo unajaza karatasi yako na hakuna uchafu ulioacha. Walimu wa jografia wa hapa mjini ningekuwa nyie ningeitumia kesho.

Kwa wanaotaka kuanza, machache. Andikeni kwa penseli, wino hapa pwani unakuwa uji masika moja tu. Kopo la karibu na mikoko angalia kwanza maji yanajaa saa ngapi, hasa siku za bamvua, nimeona mtu kabebwa na ngalawa kwa sababu ya karatasi ya kusaini. Tundu la mti usiingize mkono, piga kwanza kwa fimbo usikilize, nyoka yupo na nyuki wapo, na nyuki wa Tanga mnajua wenyewe walivyowatimua askari wa Mwingereza Novemba ile ya 1914. Na ukikuta ndani kibati chenye namba kimefungwa kwenye mnyororo usikifanye kishika funguo, hicho ni cha kusafiri kopo hadi kopo, mwenyewe yuko huko alipo anafuatilia namba kimefika wapi. Kichukue ukipeleke kopo lingine, hata Pangani.

La mwisho Mhariri, nakuomba ulitoe tafadhali. Wachezaji tuna desturi ya kuokota takataka sehemu tunazochezea, na Jumamosi ijayo tutasafisha ufukwe upande wa Raskazone, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwenyekiti wa mtaa anajua. Asiyecheza anakaribishwa, yule msomaji namkaribisha kwa namna ya pekee. Magunia tunayo, glavu kila mtu aje na zake, na madafu kila mtu ajilipie.

Mpanda baiskeli,
Ngamiani, Tanga