Shangazi anataka mlango, na maua yote pia

Mwalimu, shikamoo.

Nachora kwa rangi za maji hapa Bagamoyo. Shangazi yangu ameniagiza picha ya nyumba yao ya Mji Mkongwe, aitundike sebuleni. Nyumba yenyewe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ina baraza na mlango wa nakshi. Mbele ya baraza ndiko kwenye bustani yake: waridi, asumini, mirehani kwenye madebe, na bogonvilia moja iliyojiachia hadi dirishani.

Hiyo bogonvilia ndiyo inayonitoa jasho. Ukisimama barabarani imeziba nusu ya mlango, na mfaa, yaani ule ubao wa katikati unaokutanisha mbao mbili za mlango, wenye nakshi za yungiyungi zilizopandiana toka chini hadi juu, hauonekani kabisa. Nikisogea kushoto mlango unajitokeza wote, ila maua yanabanwa pembeni na nguzo ya umeme inajileta katikati. Shangazi kashasema: "Mlango uonekane, na ua langu hata moja lisikosekane."

Nimechora kwa penseli vyote viwili kwa undani sawa. Jicho halijui litue wapi. Sasa nafikiria mlango ndio ubebe picha, ukuta niupake rangi nyepesi tu, maua ya mbali yabaki madoa yasiyo na kingo, na yale yaliyo karibu na kizingiti ndiyo niyachore petali kwa petali. Bogonvilia niihamishie kona ya kushoto ifunike ile nguzo. Kwenye karatasi mti unahama bila jembe. Lakini aliupanda kwa mkono wake, na ndilo jambo la kwanza atakaloliona. Je, mchoraji anaruhusiwa kuhamisha mti wa watu? Au nimwambie kabla sijaanza?

Halafu kuna rangi. Ile pinki inang'aa ikikaa juu ya karatasi nyeupe tu, kwa hiyo nafasi za maua lazima niziache wazi, majani yaje baadaye. Kwa unyevu wa pwani hii rangi inachelewa kukauka, pinki inaingia kwenye kijani, linatoka tope. Mwenzangu ananishauri nipake mshumaa pale pa maua, lakini nta haitoki tena, na pinki itakataa kushika hapo. Wewe huwa unayazuiaje maua madogo namna hii, hasa asumini, ambayo ni meupe mbele ya ukuta nao mweupe?

Msomaji wako, Bagamoyo