Kwa nini tunakurudisha nyumbani na kikopo kitupu

Mwezi uliopita baba mmoja kutoka Igawilo alifika dirishani kwa maabara yetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, foleni ikiwa imejaa, akaweka karatasi mbili mbele yangu kwa kishindo. Moja ni yetu, tulimpima choo, imeandikwa hana H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo. Ya pili ni ya hospitali, wiki tano baadaye, imeandikwa anao. "Ninyi ni wezi. Mmekula elfu ishirini yangu bure."

Nikamuuliza: baba, siku ile ulipokuja kupima ulikuwa unameza dawa gani? Akasema hakuna. Mkewe alikuwa kwenye benchi, akadakia hapo hapo: "Baba watoto, na zile kapsuli za asubuhi?" Kumbe alikuwa na miezi miwili anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, kila akiamka, na juu yake alikuwa ameongeza antibaotiki, amoksilini zilizobaki mtoto alipougua kifua.

Hela hatukurudisha, na sioni aibu kulisema. Kipimo kilifanya kazi yake, ila tulikipa choo ambacho dawa zilikuwa zimeshawaficha bakteria wake. Tangu siku hiyo hatupokei kikopo cha H. pylori kabla ya kuuliza kuhusu dawa. Sasa lawama imegeuka: eti tunawarudisha watu makusudi. Wiki hii dada mmoja wa Tukuyu ameniambia, "Nimepanda gari mbili kuja huku, unaniambia nirudi baada ya wiki mbili?" Ndiyo, dada. Kukuambia urudi hatukutozi hata senti. Ningechukua hela yako siku hiyo hiyo, ningekuwa mwizi kweli.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Kwetu "tumbo" ni kila kitu kuanzia chini ya mbavu hadi kinena, na "vidonda vya tumbo" ni jina la maumivu yote ya huko. Mtu akija namwambia aweke kidole panapouma. Akiweka kwenye chembe ya moyo, nafikiria mfuko wa chakula. Akiweka kulia chini ya mbavu na kusema inamkamata akila kitimoto chenye mafuta, huyo huenda nyongo ndiyo inamsumbua, namwelekeza kwa daktari wa ultrasaundi, mimi sina cha kumpima. Anayepitisha kiganja tumbo zima na kusema linaunguruma na kuendesha, namwomba choo kwa ajili ya hadubini, tutafute amiba, giadia na mayai ya minyoo. Na ukiona vipande vyeupe bapa kama tambi kwenye choo, vilete bila kuona haya. Nyanda zetu za juu wanafuga nguruwe wengi na tegu tunamfahamu vizuri.

Sasa huyu H. pylori. Mfuko wa chakula unatoa tindikali kali, na watu wananiuliza mdudu gani anaweza kuishi humo. Hata madaktari walikataa. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao mwenyewe, akaugua tumbo, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Bakteria huyu anatengeneza amonia inayopoza tindikali inayomzunguka, kisha anajichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa mfuko. Ute ukichakaa, tindikali inaufikia ukuta wenyewe, na kidonda kinaweza kuanza.

Mabaki yake yanashuka na chakula, yanapita utumbo mwembamba wenye mita 6 hivi, kisha utumbo mpana wa kama mita moja na nusu, hadi kwenye kikopo chako. Hayo mabaki ndiyo kipimo chetu kinayashika. Ukimeza omeprazoli, bakteria wanapungua na kusogea sehemu ya juu ya mfuko. Hawajafa, ila wanaoshuka ni wachache mno kuonekana. Ndiyo maana tunadai wiki 2 bila omeprazoli na dawa nyingine za aina yake, na wiki 4 bila antibaotiki yoyote, hata ile ya jino. Ila kama daktari alikuandikia omeprazoli kwa sababu ulitapika damu au unameza aspirini ya moyo, usiiache kwa kunisikiliza mimi. Muulize yeye kwanza.

"Mbona jirani wanapima kwa tone la damu, 8,000, na hawaulizi dawa?" Kweli, na ni rahisi. Lakini kipimo hicho cha damu kinatafuta askari wa mwili waliopigana na mdudu, na askari hao hubaki mwilini miezi, wakati mwingine miaka, baada ya mdudu kuisha. Mwalimu mmoja wa Rungwe alitumia dozi nzima ya siku 14, akapima damu, mistari miwili, yaani anao. Akarudia dozi, akapima damu, mistari miwili tena. Dozi ya tatu ilimwachia mdomo wenye ladha ya chuma na kuhara kwa wiki. Tulipompima choo, mwezi na zaidi baada ya kidonge cha mwisho, hakukuwa na kitu. Piga hesabu ya zile dozi tatu, halafu urudi kunisema kuhusu elfu ishirini.

Yuko na kijana wa bodaboda aliyenitukana kwa kumwambia hana. Alikuwa hana kweli! Kilichokuwa kinamla ni diklofenaki, dawa ya maumivu, anameza kila jioni kwa ajili ya mgongo. Dawa za namna hiyo zinaupunguzia mfuko ule ute wa kujikinga, kidonda kinatokea bila bakteria hata mmoja. Kipimo chetu hakioni kidonda. Kidonda kinaonekana kwa kamera inayopitishwa kooni, hospitali kubwa. Ukipata choo cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama kooni au nguo zikianza kukupwaya, nenda huko moja kwa moja, usipitie kwangu. Na maziwa yanayosifiwa yanapoza kwa muda mfupi tu, kisha mfuko unatoa tindikali zaidi.

Kuhusu kikopo nimechoka kusema. Mama mmoja alileta choo kwenye kopo la mafuta ya kupaka, bado lina harufu ya waridi. Mwingine alitoka Chunya na choo cha jana yake, amekifunga kwenye mfuko wa sukari. Amiba hai hawezi kusubiri hivyo, anatakiwa chini ya hadubini ndani ya nusu saa hivi. Baba mmoja alishindwa kupata choo, akaleta cha mtoto wake ili tu asikose foleni. Tulikuta mayai ya askaris, minyoo ya tumboni, baba akashangaa sana, nasi tukashangaa zaidi alipokiri. Angalau mtoto alipata dawa.

Choo kiasi cha punje ya harage kinatosha, kisiguse mkojo wala udongo wala maji ya chooni. Vikopo safi viko dirishani, havilipiwi. Chukua kimoja hata kama siku yako bado, andika kwenye kifuniko tarehe ya kidonge cha mwisho ulichomeza, hesabu kuanzia hapo, ndipo uje.