Barua kwa mwanangu: iache nyundo isikike

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani; mama yako hajambo naye anakusalimu. Filamu yako ya makala juu ya mafundi wa majahazi tumeitazama mara mbili, jana usiku na tena leo baada ya sala ya alfajiri, nami nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwani ninalotaka kukwambia lahitaji utulivu. Picha zako ni nzuri sana. Lakini pale mzee anapotia kalafati, akiisindilia pamba katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, sauti yako inaingia kutueleza kwamba kazi ile ni ngumu, na mlio wa nyundo unapotea.

Ndipo nilipomkumbuka Vittorio De Seta, Mwitalia aliyezaliwa Palermo mwaka 1923. Kati ya mwaka 1954 na 1959 alitengeneza filamu fupi kumi, nyingi zikiwa za dakika kumi hivi, katika Sicily, Sardinia na Calabria, kwa fedha zake mwenyewe na karibu peke yake, mkewe Vera Gherarducci akiwa msaidizi wake. Zama hizo filamu za makala nchini Italia zilikuwa na mazoea yake: msimulizi mwenye sauti nzito aliongea tangu mwanzo hadi mwisho. De Seta alimwondoa msimulizi. Huweka maandishi machache mwanzoni, kisha huwaachia uwanja watu, upepo, wanyama na nyimbo za kazi, ambazo alizifuata huko huko ziliko akiwa na kinasa sauti chake, na baadaye akazioanisha na picha kwa subira ya mtu anayesuka mkeka.

Nakuomba uitazame ile ya mwaka 1954 inayohusu uvuvi wa samaki upanga katika mlango wa bahari wa Messina. Mtu mmoja yuko juu kabisa ya mlingoti, hana chombo chochote ila macho yake. Amwonapo samaki hupiga ukelele wa kuelekeza, na huko chini wapiga makasia huigeuza mashua upesi huku mwenye chusa amesimama tayari omoni. Hakuna anayetuambia kwamba saa ya hatari imefika. Tunaijua kwa masikio, kwa jinsi ukelele ule unavyopanda na kufuatana mbiombio, na chusa linaporushwa tayari nasi tumekwisha kushika pumzi.

Huenda ukanijibu kwamba rangi zake nzuri zinaupamba ufukara. Nimelifikiria sana jambo hilo, wala sikubaliani nalo. Katika filamu yake ya mwaka 1959 anatupeleka Alessandria del Carretto, kijiji cha milimani huko Calabria ambacho barabara ilikuwa haijakifikia, mizigo ikipanda kwa nyumbu. Kisha anatuonyesha wanakijiji hao hao wakikata mti mrefu msituni, wakiukokota kwa pamoja hadi kijijini na kuusimamisha kwa sikukuu yao. Dhiki ipo mbele ya macho yetu, na furaha ipo, na kila moja imepewa nafasi yake bila kuhukumiwa. Wachungaji wa Orgosolo, Sardinia, aliowapiga picha mwaka 1958, aliwarudia na kutengeneza nao filamu ndefu ya kuigiza ya mwaka 1961; sidhani kwamba wangempokea tena kama angekuwa amewadhalilisha.

Mwanangu, sikusudii uwe De Seta. Nasema tu kwamba yule mzee wa kalafati amekupa dakika nne za kazi yake, nawe umezungumza juu yake kwa dakika tatu. Kama sauti uliyoinasa siku ile bado unayo, ikiwa kamili na haijakatwa, nitumie kabla hujaanza kuhariri upya. Nataka nimsikie akigonga mpaka mwisho wa ubao.

Baba yako akupendaye